Sura ya Sita: Bei ya Ugeni

Mtu wa Muleba hapandi gari bila kujua nauli. Iwe ni Nshamba kwenda Muleba mjini, Kamachumu kwenda Muhutwe, au Kemondo kwenda Bukoba, kila msafiri anaijua bei ya siku hiyo. Anajua itapanda kiasi gani mvua ikikaza na barabara ya vumbi ikageuka tope, na anajua itapanda tena wiki ya Krismasi, Wahaya wa Dar es Salaam wanaporudi kuhesabiwa nyumbani. Bei hiyo imo vichwani mwa watu, na anayetaka kuibadilisha lazima kwanza awashawishi watu wengi wanaomjua kwa jina.

Bodaboda wa kijijini akikufikisha akakuta huna chenji, atasema utampa kesho. Anajua kwenu, anamjua baba yako, na ikibidi atamdai yeye. Kwenye hiace na kwenye mchomoko, zile gari ndogo zinazobeba watu wengi kuliko viti vyake, mazungumzo ya nauli ni marefu kuliko safari yenyewe. Mama mmoja anasimama kando ya barabara na mkungu wa ndizi.

"Ma, huo mkungu nao una nauli yake."

"Mwanangu, mkungu hauna makalio. Utaukalisha wapi?"

"Basi toa mia tano, Ma, niupandishe juu."

"Mia mbili. Na mama yako umsalimie."

Mkungu unapanda kwa mia mbili. Kilichopunguza bei hapo ni ile salamu. Konda anajua mama huyu atakutana na mzazi wake Jumapili kanisani, na shilingi mia tatu hazitoshi kununua ugomvi huo.

Mtu akienda mji mkubwa, ulinzi huo wote unabaki kijijini. Mjini utalipa nauli kama kila mtu, halafu juu yake utalipa ugeni. Malipo hayo ya pili hayamo kwenye tiketi wala kwenye tangazo la mamlaka yoyote, na mara nyingi ndiyo makubwa zaidi. Ndiyo ninayotaka kuyafuata katika sura hii, nione anayepokea ni nani, anayapokeaje, na msafiri wa Kagera anaweza kuyapunguza vipi bila kugombana na mtu.

Tuanze na basi, maana hapo ndipo mgeni ana nguvu kuliko anavyodhani. Kutoka Bukoba hadi Dar es Salaam kwa kupitia Muleba, Biharamulo, Kahama, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro ni karibu kilomita 1,400. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA kwa sheria ya mwaka 2019, hupanga nauli ya mabasi ya mikoani kwa kilomita. Viwango vilivyoanza kutumika Desemba 2023 vilikuwa shilingi 48.47 kwa kila kilomita kwa basi la daraja la kawaida, na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Zidisha mwenyewe kwenye simu: karibu shilingi 68,000 kwa basi la kawaida, karibu 95,000 kwa la kati. Viwango hubadilika mafuta yakipanda, kwa hiyo tafuta vya mwaka wako, ila njia ya kukokotoa ni hiyohiyo, na dakika moja inatosha.

Zingatia kwamba hicho ni kikomo. Basi linaruhusiwa kutoza chini yake, na miezi ya katikati ya mwaka, viti vikiwa vingi kuliko watu, utalipa chini yake ukijaribu. Kuzidi hapo ndiko kosa. Desemba hesabu hii husahaulika kwa pande zote mbili: wakala anataja bei kwa macho makavu, abiria analipa kwa sababu bibi anamsubiri. Nimewahi kusimama dirishani nikaona tiketi inaandikwa bei ya halali huku mkononi inapokewa bei nyingine. Ukiona hivyo, umeshajua kwamba anayekuuzia naye anaijua sheria. Omba tu kiandikwe kile ulichotoa. Huhitaji kupaza sauti, na mara nyingi huhitaji hata kulipa ile ziada.

Tiketi, wengi wetu tunaiona kama risiti ya kumwonyesha mkaguzi kisha inatupwa dirishani pale Biharamulo. Mtu wa Kagera ana sababu ya kuiona kwa jicho lingine. Asubuhi ya Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba na kupitia Kemondo, ilizama ikiwa imebaki safari fupi tu kufika Mwanza. Ilijengwa kubeba abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na watu 443. Daraja la tatu, walimojaa wenye nauli ndogo, halikuwa na orodha ya majina. Inakadiriwa walikufa zaidi ya watu 800, na hakuna aliyeweza kutaja idadi kamili, kwa kuwa wengi waliopanda hawakuandikwa popote. Kuna familia Muleba na Bukoba Vijijini ambazo ushahidi pekee kwamba ndugu yao alikuwa melini ni kwamba hakurudi.

Kwa hiyo mtu akikwambia upande bila tiketi na nauli mtamalizana njiani kwa bei ya chini, jua anachopunguza. Tiketi yenye jina lako, namba ya kiti, tarehe na namba ya gari inasema kwamba ulikuwemo. Siku hizi tiketi za mabasi ya mbali zinatakiwa kuwa za mtandao, na ukinunua kwa simu jina linabaki kwenye mfumo hata karatasi ikipotea. Andikisha jina lako halisi na namba ya simu inayopatikana. Wapo wanaoandikisha jina la utani, na huko kwetu majina ya utani ni mazuri kuliko ya ubatizo, lakini si mahali pake.

Mzigo nao una hesabu yake. Abiria mtu mzima anaruhusiwa kilo 20 ndani ya nauli aliyokwisha kulipa. Mtu wa kwetu hasafiri na kilo 20. Anasafiri na ndizi, kahawa ya kutafuna, na ikiwa ni Novemba, dumu la senene la shemeji. Kinachozidi hulipiwa, na bei yake huongelewa. Wa kuongea naye ni wakala wa Bukoba mnayefahamiana, kabla gari halijaondoka, mkubaliane, na akupe karatasi ya mzigo. Ukiacha hadi Dar es Salaam, utaongea na mtu asiyekujua, ameshikilia dumu lako, na senene wanaendelea kupata joto.

Kabla ya Oktoba 2023 mabasi hayakuruhusiwa kusafiri usiku, marufuku iliyodumu karibu miaka 30, na safari ya Bukoba ililala njiani. Chakula na kitanda havikuwa kwenye nauli, kwa hiyo wengi walilala wameketi. Sasa mabasi yanakwenda saa 24, jambo jema, ila limeleta usumbufu ambao wazee wetu hawakuujua: unaweza kushushwa Dar es Salaam saa tisa usiku. Saa hiyo daladala ni chache, ndugu yako amelala, na bei ya bodaboda inapangwa na giza. Kama gari lako linafika usiku, kaa ndani ya kituo mpaka kupambazuke. Kikombe cha chai na chapati mbili vitakugharimu sehemu ndogo ya utakachookoa.

Kituo chenyewe ni cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichozinduliwa Februari 2021 kuchukua nafasi ya Ubungo. Waswahili walisema mgeni ni kuku mweupe, na hakuna mahali weupe huo unaonekana kama kwenye mlango wa basi la Bukoba linapofungua. Umevaa sweta kwenye joto la pwani. Unatazama juu kusoma vibao. Umekumbatia begi kifuani. Vijana watakuita kwa mkoa wako kabla hujagusa ardhi, wengine watajaribu Kihaya cha maneno mawili matatu, na mmoja atashika mzigo wako kwa upole wa mtoto wa kaka. Mzigo wako ukishikwa, umeshaanza kulipa. Sema hapana ukiwa bado ndani ya basi, kwa adabu na bila kuongeza maelezo, kwa sababu kila maelezo unayoongeza ni mlango mpya wa mazungumzo. Ukihitaji msaidizi kweli, kwa mfano una mzee au mizigo mitatu, mtafute wewe, na bei itajwe mizigo ikiwa bado chini.

Na usiulize nauli kwa anayeuza nauli. Muulize mama ntilie, mlinzi, au abiria mwenzako ambaye mmekaa naye tangu Kahama. Hao hawapati kitu kwa kukudanganya.

Sasa tumfikie konda wa daladala, mtu anayelaumiwa na kila mtu na asiyeeleweka na wengi. Ili umwelewe, lazima ujue hesabu. Magari mengi ya daladala si ya anayeyaendesha. Mwenye gari anakaa nyumbani, na kila jioni anataka kiasi alichokipanga, ambacho wao wenyewe hukiita hesabu. Mafuta ni juu ya dereva na konda. Faini na vya njiani, juu yao pia. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho mshahara wao, na kuna siku hakibaki kitu. Mtafiti Matteo Rizzo aliandika kitabu kizima, kilichotoka 2017, juu ya kazi hii ya daladala za Dar es Salaam, na msingi wake ni huohuo: anayekimbiza gari hana mkataba, hana mshahara, ana deni la kila siku.

Ukishajua hivyo, mambo mengi yanayomkera mgeni yanaeleweka yenyewe. Gari haliondoki mpaka lijae kwa sababu kiti kitupu kinatoka mfukoni mwa konda. Mwanafunzi wa nauli pungufu anasukumwa mlangoni kwa sababu anachukua nafasi ya mtu mzima. Gari linakatisha ruti, linawamwaga watu katikati ya safari na kugeuza, kwa sababu upande wa pili abiria wamejaa na jioni inakaribia. Na chenji yako ya shilingi mia inachelewa kwa sababu mia ishirini zilizochelewa ni chakula cha mchana. Sisemi ni haki. Nasema wizi huo mdogo una chanzo, na chanzo hakijasimama pale mlangoni. Kimekaa nyumbani kinasubiri simu ya jioni.

Mwaka 1983, serikali iliporuhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria kwa sababu mabasi ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, yalikuwa hayatoshi, ndipo utaratibu huu ulipoanza kukomaa. Umekuwa mkongwe kuliko abiria wengi wanaoupanda.

Mtazame anavyofanya kazi. Noti amezikunja kwa urefu na kuzibana katikati ya vidole, za elfu mbili upande mmoja, za elfu upande mwingine, za elfu kumi zimefichwa. Sarafu ziko kiganjani, na anazitikisa karibu na bega lako; mlio huo ndio unaosema nauli, hana haja ya kufungua mdomo. Anaanza nyuma kuja mbele. Anakumbuka nani kalipa na nani anadai chenji bila kuandika popote. Nakiri kazi hii naistahi, hata ninapokuwa mimi ndiye ninayedai mia mbili.

"Mzee, nauli."

"Kiasi gani, mwanangu?"

Hapo ndipo ugeni unapolipwa. Mwenyeji hajawahi kuuliza swali hilo kwenye ruti yake. Kwa viwango vya Desemba 2023, daladala ya safari isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 600, na zaidi ya hapo inapanda kwa ngazi. Nauli inatakiwa iandikwe kwenye gari, na mara nyingi imeandikwa ubavuni karibu na mlango, ila ukiwa umekanyagwa ndani huwezi kuisoma. Isome nje kabla ya kupanda. Ukikosa, mpe noti ya elfu moja bila neno, uendelee kutazama dirishani kama mtu mwenye mawazo yake. Atarudisha chenji ya halali, kwa sababu amekuhesabu miongoni mwa wenyeji. Noti ya elfu kumi asubuhi na mapema usimpe kabisa. Atakwambia subiri, utasubiri, kituo chako kitafika, na mtabishana mlangoni watu wakikusukuma. Kabla ya kutoka Bukoba vunja pesa yako: elfu moja moja nyingi, sarafu za mia mbili na mia tano kwenye mfuko wa mbele, na pesa kubwa mahali usipopafikia hadharani.

Mwendokasi ndiyo iliyoletwa ili mambo haya yaishe. Mabasi hayo ya njia ya pekee yalianza Mei 2016 kwenye barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Nauli ilikuwa moja na ilijulikana kwa wote: shilingi 650 kwa njia kuu, baadaye ikawa 750. Hakuna konda. Unalipa dirishani, unapita getini, unakwenda. Kwa mgeni ilikuwa faraja kubwa. Bibi kutoka Rubya alilipa sawasawa na wakili wa Upanga, na hakuna aliyemuuliza anatoka wapi.

Tabu ikaja kutoka kwenye chombo cha kulipia. Mwanzoni kulikuwa na kadi. Kisha kwa miaka mingi ikawa karatasi, iliyochanwa na kijana aliyesimama kando ya geti la umeme lisilofanya kazi. Kisha kadi zikarudi. Karatasi ilikuwa na foleni ndefu na mianya ya wizi, lakini ilikuwa na adabu moja kwa mgeni: ililipia safari moja, ikaisha. Kadi inataka uinunue yenyewe, kisha uweke salio, kisha ukiondoka zako ubaki na shilingi mia kadhaa ndani yake ambazo hazikufikishi popote Muleba. Mwenyeji anaigawa bei ya kadi kwa safari za mwaka mzima. Aliyekuja kumuuguza ndugu Muhimbili kwa wiki moja anaigawa kwa siku zile chache. Kwa hiyo ugeni umebaki palepale. Aliyebadilika ni anayelipwa.

Ukifikia kwa ndugu, azima kadi. Karibu kila nyumba ya Dar es Salaam ina moja imelala kwenye droo. Iwekee salio lako, na ukiondoka mwachie kilichobaki kama shukrani. Uliza pia kama mabasi yanafanya kazi kwenye njia unayotaka, maana Oktoba 2025 vituo vya mwendokasi viliharibiwa kwenye vurugu za uchaguzi na huduma ikasimama, na mtu aliyekuwa anategemea kumbukumbu ya safari yake ya zamani alijikuta barabarani.

Kigamboni napo ni kadi. Kwenye kivuko cha Magogoni mtu wa miguu hulipa shilingi 200, na malipo yamehamia kwenye N-Card, kadi ileile inayotumika pia uwanja wa Mkapa na kituo cha Mbezi. Nauli hiyo ina historia inayotugusa. Ilikuwa shilingi 100 hadi Januari 2012, ilipopandishwa maradufu. Wakazi wakalalamika, na waziri wa ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, akawajibu kwamba asiyetaka kulipa 200 apige mbizi. Jibu hilo lilimfuata miaka mingi. Watu wachache wanakumbuka kwamba aliyelitoa alikuwa mbunge kutoka kwetu: Chato ilikuwa bado Mkoa wa Kagera, Geita haijawa mkoa. Mtu aliyekulia karibu na ziwa anajua mbizi ni nini. Naamini alikuwa anatania, lakini utani kuhusu nauli hauchekeshi ukitoka kwa anayeipanga.

Kuhusu magari ya kuita kwa simu sina mengi. Uber iliingia Dar es Salaam 2016, Bolt ikafuata. Faida yake kwa mgeni ni kwamba bei unaiona kabla ya gari kufika. Hasara yake ni kwamba dereva atakupigia kuuliza unakwenda wapi, na wengine watakuomba mfute safari mkubaliane nje ya programu. Makato ya kampuni ndiyo chanzo; mwaka 2022 LATRA iliyashusha hadi asilimia 15, Uber ikasimamisha huduma, ikarudi 2023 baada ya kiwango kupandishwa tena hadi 25. Ukiwa mgeni, kataa kufuta. Ile bei kwenye kioo ndiyo sababu uliyoitia gari hilo.

Watu wa Bukoba, hata hivyo, wana mji mkubwa mwingine ulio karibu kuliko Dar es Salaam. Kampala iko kilomita zipatazo 300 kwa Mutukula na Masaka. Unaweza kula kifungua kinywa Bukoba na kula chakula cha jioni Kampala, na Kihaya chako kitakufikisha nusu ya mazungumzo ya Kiganda. Kule nauli haina kikomo cha serikali. Teksi, yaani zile hiace nyeupe zenye miraba ya bluu, hutoza kwa saa, kwa mvua na kwa wingi wa watu waliosimama kituoni. Asubuhi kwenda mjini ni bei hii, saa kumi na moja jioni kutoka mjini ni bei nyingine, na wingu likitanda juu ya stendi ya teksi, bei inabadilika kabla tone halijaanguka. Mwenyeji analipa hivyohivyo, analalamika, analipa. Hapo mgeni na mwenyeji wako sawa kwa kiasi kikubwa kuliko Dar es Salaam, ajabu ilioje. Kinachomgharimu mgeni Kampala ni fedha. Shilingi ya Uganda inabeba sifuri nyingi kwa nauli fupi, na mtu aliyezoea noti zetu hutoa noti isiyo yake. Badilisha kiasi cha siku moja tu Mutukula, dukani badala ya mkononi mwa anayekukimbilia, omba noti za elfu moja na elfu mbili, na kaa nazo dakika tano ukizitofautisha kwa rangi kabla hujapanda chochote.

Ukipita Rusumo kwenda Kigali utakuta hali nyingine. Mwishoni mwa 2015, mabasi ya Kigali yalianza kulipiwa kwa kadi ya Tap&Go ya kampuni ya AC Group, na taslimu ikaondolewa mlangoni. Nairobi ilijaribu jambo hilohilo. Mwaka 2014 serikali ya Kenya iliagiza matatu zote ziache taslimu, kadi kadhaa zikatolewa, ikiwemo BebaPay ya Google na benki ya Equity, iliyofungwa 2015. Zote zilikufa kwa sababu ileile ya hesabu: kadi inamwonyesha mwenye gari mapato yote ya siku, na dereva na konda wake walikuwa wanaishi kwenye kile asichokiona. Kigali ilifanikiwa kwa kuwa mabasi yalikuwa ya kampuni chache zilizopewa njia zake, na wafanyakazi wake walikuwa na mshahara. Anayetaka kujua kwa nini daladala za Dar es Salaam bado zinatikisa sarafu asianze na mashine. Aanze na jinsi konda anavyolipwa.

London ndiyo iliyokwenda mbali zaidi kwa faida ya mgeni. Mabasi yake yaliacha kupokea taslimu Julai 6, 2014, jambo ambalo lingemfungia nje kila mpita njia, isipokuwa kwamba yalikuwa yameshaanza kupokea kadi za benki za kugusisha tangu Desemba 2012. Huhitaji kununua kadi ya jiji. Ile ya benki iliyomo mfukoni ndiyo inayokupitisha, na unatozwa sawa na mkazi. Hapa kwetu, watu wenye pesa kwenye simu ni wengi mno kuliko wenye kadi za benki, na anayeweza kulipa umeme kwa simu akiwa Goziba, katikati ya ziwa, hana sababu ya kushindwa kulipa geti la Kimara kwa simu hiyohiyo.

Tukirudi Kigali, mgeni asiye na kadi hufanya kitu rahisi, nami nimekiona mara nyingi kiasi cha kukipenda. Anasimama mlangoni, anamgeukia aliye nyuma yake, anampa nauli mkononi, na mwenzake anagusisha kadi mara mbili, ya kwake na ya mgeni. Hakuna anayezidisha kitu. Ukienda, andaa kiasi kamili kwenye kiganja kabla basi halijasimama, na chagua mtu aliyekwisha itoa kadi yake, kwa sababu dereva hasubiri.